Dawa Kupitia Ngozi: Mikroemulsheni ni Nini, na Kwa Nini Anayepaka Krimu Anapaswa Kujua

Kuna mawazo mawili kuhusu ngozi yanayosikika sana majumbani mwetu. La kwanza linasema kwamba kilichopakwa juu kinabaki juu, kwa hiyo krimu haiwezi kumdhuru mtu ndani ya mwili kama kidonge. La pili linasema kinyume chake: dawa yoyote ukiipaka na kuichua vizuri itazama mpaka kwenye mfupa. Mawazo yote mawili si sahihi. Ajabu ni kwamba mtu yule yule anaweza kuyashika yote mawili kwa siku moja. Asubuhi anamchua bibi goti akiamini dawa inazama, na jioni anapaka usoni krimu kali akiamini haiendi popote.

Ukweli uko katikati, nao una faida kuujua. Ngozi ni ukuta imara, lakini ni ukuta wenye masharti. Vitu vichache hupita, vingi huzuiwa, na wataalamu wa dawa wametumia miaka mingi kutafuta namna ya kuvisaidia vile vinavyofaa vipite. Njia mojawapo waliyoipata inaitwa mikroemulsheni. Katika makala hii tutaona kwanza kwa nini mtu atake kupitisha dawa kwenye ngozi, kisha ukuta wenyewe ulivyojengwa, kisha mikroemulsheni ni kitu gani na inafanyaje kazi. Mwishoni tutaona somo hili linamhusu vipi mtu wa kawaida anayenunua krimu dukani.

Kwa nini dawa isimezwe tu?

Kumeza ni rahisi, na kwa dawa nyingi ndiyo njia bora. Lakini kidonge kina safari ndefu. Kikishuka tumboni kinakutana na asidi. Kikivuka utumbo, damu inayokibeba haiendi moja kwa moja mwilini, bali hupitia kwanza kwenye ini. Ini ni kama afisa wa forodha: linakagua kila kilichotoka tumboni na kuvunjavunja vingi kabla ya kuviruhusu kupita. Kuna dawa ambazo ini huharibu sehemu kubwa yake katika mapito hayo ya kwanza. Nitrogliserini, dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, ni mfano unaojulikana sana. Ndiyo maana wagonjwa huiweka chini ya ulimi au huibandika kwenye ngozi badala ya kuimeza.

Sababu ya pili ni kupanda na kushuka kwa dawa mwilini. Ukimeza kidonge, kiasi cha dawa katika damu hupanda haraka, halafu hushuka mpaka unywe kingine. Dawa inayopita kwenye ngozi huingia polepole kwa saa nyingi, haba na haba, na kiasi chake katika damu hubaki karibu sawa. Sababu ya tatu ni hali ya mgonjwa mwenyewe. Wako wanaotapika kila kitu, wako wasioweza kumeza, na wako wenye vidonda vya tumbo ambao dawa za maumivu huwaumiza zaidi.

Hayo si ndoto. Mwaka 1979 Marekani iliidhinisha plasta ya kwanza ya kupitisha dawa mwilini kupitia ngozi. Ilikuwa na skopolamini, dawa ya kuzuia kichefuchefu cha safari, nayo hubandikwa nyuma ya sikio na kufanya kazi kwa siku 3. Baadaye zikaja plasta za nikotini za kuwasaidia wavutaji kuacha sigara, plasta za homoni, na plasta za fentanili kwa wagonjwa wenye maumivu makali, hasa wa saratani.

Lakini hesabu dawa zote zilizopo duniani, kisha hesabu zile zilizo katika plasta. Za plasta ni chache mno. Kikwazo ni ukuta.

Ukuta ulivyojengwa

Ngozi ya mtu mzima ina eneo la karibu mita 2 za mraba. Ina matabaka kadhaa, lakini kazi kubwa ya kuzuia inafanywa na tabaka moja tu, lile la juu kabisa. Katika sehemu nyingi za mwili tabaka hilo lina unene wa mikromita 10 hadi 20 tu. Mikromita 1,000 ndizo hufanya milimita moja, kwa hiyo tabaka hili ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Na bado ndilo linalozuia maji ya mwili yasikauke, na maji ya mvua yasiingie.

Siri yake ni ujenzi. Tabaka hilo limejaa seli zilizokwisha kufa, bapa na ngumu, zilizopangwa safu juu ya safu. Kati ya seli na seli kuna mafuta maalumu ya ngozi. Wataalamu hulifananisha na ukuta wa matofali: seli mfu ni matofali, mafuta ni udongo wa kuunganishia. Kitu kinachotaka kupita kwa kawaida hakipasui matofali. Hufuata ule udongo wa mafuta, kikizunguka tofali hili na lile, kama mtu anayepita kwenye vichochoro. Njia huwa ndefu kuliko unene wa ukuta wenyewe. Ipo pia njia ya mkato kupitia matundu ya vinyweleo na ya tezi za jasho, lakini matundu hayo huchukua sehemu ndogo sana ya eneo la ngozi.

Kutokana na ujenzi huo, anayepita lazima atimize masharti mawili makubwa.

Kwanza, awe mdogo. Mwaka 2000 wataalamu wawili, Bos na Meinardi, walieleza kanuni ambayo sasa hufundishwa kila mahali: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupita kwa shida sana kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda. Nikotini ina uzito wa daltoni 162, na fentanili 336; zote zinapita. Insulini ina karibu 5,800. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari bado anachomwa sindano na hapakwi krimu ya insulini.

Pili, ajue lugha mbili. Ili ipite kwenye mafuta ya tabaka la juu, dawa lazima iwe inayeyuka katika mafuta. Lakini chini ya tabaka hilo kuna seli hai zenye maji mengi, na baada yake damu. Dawa inayopenda mafuta kupita kiasi itakwama juu na kukataa kushuka. Inayopenda maji tu haitaingia kabisa. Anayefaulu ni yule wa katikati.

Sasa dawa nyingi nzuri hazina tabia hiyo ya katikati, na kuibadilisha dawa yenyewe ni kazi ngumu. Njia nyingine ni kubadilisha kile kinachoibeba. Hapo ndipo mikroemulsheni inapoingia.

Mafuta na maji kupatanishwa

Kila mpishi anajua kwamba mafuta na maji havichanganyiki. Ukivitikisa katika chupa vitaonekana vimechanganyika, lakini ukiiweka chupa mezani mafuta yatapanda juu tena. Ukiongeza kipatanishi kama sabuni, mambo hubadilika. Molekuli ya sabuni ina upande mmoja unaopenda maji na upande mwingine unaopenda mafuta, kwa hiyo husimama mpakani na kuvishika vyote viwili. Matone ya mafuta huzungukwa na kipatanishi na kuelea ndani ya maji. Mchanganyiko huo huitwa emulsheni. Maziwa ni emulsheni. Losheni na krimu nyingi tunazopaka ni emulsheni pia.

Emulsheni ya kawaida ina alama mbili. Ni nyeupe, kwa sababu matone yake ni makubwa kiasi cha kutawanya mwanga. Na haidumu milele. Ilitengenezwa kwa nguvu ya kukoroga, na siku moja mafuta na maji vitatengana. Pengine umewahi kufungua losheni ya zamani ukakuta maji yamejitenga juu.

Mwaka 1943, huko Cambridge, Uingereza, wanasayansi wawili, Hoar na Schulman, walieleza jambo tofauti. Ukiwa na emulsheni nyeupe ya mafuta, maji na sabuni, halafu ukaongeza kileo cha aina fulani kidogo kidogo, hufika mahali weupe unatoweka ghafla na mchanganyiko unakuwa angavu kama maji. Mafuta hayajaondoka, na maji hayajaondoka. Kilichobadilika ni ukubwa wa matone. Mwaka 1959 Schulman na wenzake wakaupa mchanganyiko wa namna hiyo jina la mikroemulsheni.

Matone ya mikroemulsheni huwa na upana wa nanomita 10 hadi 100 hivi. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele mmoja wa kichwani una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Mwanga tunaouona una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700, hivyo matone madogo kiasi hicho hauyatawanyi sana, unapita. Ndiyo sababu mchanganyiko huonekana angavu.

Tofauti ya pili ni kubwa zaidi. Mikroemulsheni hujitengeneza yenyewe. Ukiweka viungo vinne kwa vipimo sahihi, yaani mafuta, maji, kipatanishi na msaidizi wa kipatanishi, huhitaji mashine ya nguvu. Unakoroga kidogo tu. Na ikishatengenezeka haitengani, mradi vipimo na joto visibadilike, kwa sababu hiyo ndiyo hali ambayo viungo hivyo vimetulia. Emulsheni ya kawaida ni kama watu waliolazimishwa kukaa pamoja. Mikroemulsheni ni kama waliokubaliana.

Ukitaka kuona kwa macho jinsi vipimo vinavyoamua mambo, chukua Dettol. Ndani ya chupa ni angavu, ya rangi ya kahawia. Ina mafuta, sabuni na kileo vilivyopatana. Mimina kidogo kwenye maji na papo hapo inageuka nyeupe kama maziwa. Maji yamekuwa mengi, kileo kimezidiwa, mafuta yameshindwa kubaki yameyeyuka na yamekuwa matone makubwa. Hiyo si dawa ya kupitisha kitu kwenye ngozi, lakini inaonyesha sheria ile ile: angavu au ukungu ni suala la uwiano.

Inavyotengenezwa

Katika maabara ya dawa, kazi huanza kwa kutafuta mafuta yanayoyeyusha dawa vizuri. Mara nyingi hutumika asidi ya oleiki, ambayo ipo kwa wingi katika mafuta ya zeituni, au isopropili miristeti, inayotumika sana katika vipodozi. Kipatanishi kinaweza kuwa lesithini, itokanayo na soya au kiini cha yai, au polisobeti 80. Msaidizi wake huwa ethanoli au propileni glaikoli.

Kisha hufuata kazi ya uvumilivu. Mtaalamu huchanganya kipatanishi na msaidizi wake kwa uwiano fulani, tuseme moja kwa moja, au mbili kwa moja. Mchanganyiko huo huuchanganya na mafuta kwa viwango mbalimbali, kuanzia sehemu 1 kwa 9 mpaka 9 kwa 1. Katika kila chupa hudondosha maji tone baada ya tone, akitazama lini panakuwa angavu na lini panaingia ukungu. Matokeo yote huyachora katika pembetatu. Kona moja ni mafuta, nyingine maji, ya tatu vipatanishi. Eneo lililo angavu ndani ya pembetatu hiyo ndiyo ramani yake: humo mikroemulsheni inaishi, nje yake haiishi.

Ndani ya eneo hilo zipo aina tatu. Maji yakiwa mengi, matone ya mafuta huelea ndani ya maji. Mafuta yakiwa mengi, matone ya maji huelea ndani ya mafuta. Na vikikaribiana, hakuna matone tena: mafuta na maji hufumana kama nyuzi za kitambaa. Kwa kuwa nyingi ni nyepesi na huchuruzika, mara nyingi huongezewa kitu cha kuzifanya nzito ziwe jeli, ili zikae pale zilipopakwa.

Inavyoisaidia dawa kupita

Wengi hudhani kwamba matone madogo hupenya ngozi yakiwa mazima na kuibeba dawa mpaka ndani, kama abiria ndani ya basi. Kwa kawaida sivyo. Matone hubaki juu au huvunjika juu. Kinachoingia ni dawa yenyewe na baadhi ya viungo. Msaada wa mikroemulsheni uko kwingine.

Kwanza, inabeba dawa nyingi. Kwa kuwa ina mafuta, maji na vipatanishi mahali pamoja, dawa isiyoyeyuka vizuri katika maji wala katika mafuta peke yake hupata makao. Kitu husafiri kutoka palipo na wingi kwenda palipo na uhaba. Kadiri dawa iliyoyeyuka inavyokuwa nyingi juu ya ngozi, ndivyo msukumo wa kwenda chini unavyokuwa mkubwa.

Pili, viungo vyake hulegeza ukuta. Asidi ya oleiki na ethanoli huingia katika ule udongo wa mafuta kati ya matofali na kuvuruga mpangilio wake. Vichochoro hupanuka kwa muda.

Tatu, maji yaliyomo hulowanisha tabaka la juu. Angalia vidole vyako baada ya kufua nguo kwa saa nzima: ngozi imevimba na kulainika. Ngozi iliyolowana huruhusu vitu vingi kupita kuliko iliyokauka.

Nne, hugusana na ngozi vizuri. Haibaki kama matone juu ya jani la mgomba, bali hutandaa na kuingia katika mikunjo na matundu ya vinyweleo.

Je, yote haya yamepimwa? Ndiyo. Kifaa kinachotumika zaidi huitwa seli ya Franz, kwa jina la mtaalamu aliyeieleza katika miaka ya 1970. Ni chombo cha kioo chenye vyumba viwili, kimoja juu ya kingine, na kipande cha ngozi katikati. Ngozi inaweza kuwa ya sikio la nguruwe, ambayo inafanana na ya binadamu kwa mengi, au ya binadamu iliyobaki baada ya upasuaji. Dawa huwekwa chumba cha juu. Chumba cha chini kina maji maalumu yenye joto la mwili. Kila baada ya muda huchotwa kidogo kutoka chini na kupima ni dawa kiasi gani imevuka.

Mwaka 2000 watafiti wa Denmaki wakiongozwa na Mads Kreilgaard walichapisha vipimo vya namna hiyo wakitumia ngozi ya panya na dawa mbili za ganzi. Lidokeini katika mikroemulsheni ilivuka kwa kasi hadi mara 4 kuliko katika emulsheni ya kawaida. Prilokeini ilivuka karibu mara 10 kuliko katika jeli ya maji. Waliona pia kwamba sababu kubwa ilikuwa ile ya kwanza tuliyoitaja, wingi wa dawa iliyoyeyuka na uhuru wake wa kutembea ndani ya mchanganyiko, na kwamba ukuta wa ngozi haukuvurugwa. Hiyo ni habari njema: si lazima kuvunja mlango ili mgeni aingie.

Mbona hazijajaa madukani?

Msomaji anaweza kuuliza: kama ni nzuri hivyo, ziko wapi? Mikroemulsheni ilipata ushindi wake mkubwa katika dawa ya kumeza. Siklosporini, inayowasaidia waliopandikizwa figo wasiikatae figo mpya, ilikuwa ikifyonzwa bila mpangilio. Katikati ya miaka ya 1990 ilitolewa katika kidonge laini chenye mafuta na vipatanishi vinavyojitengeneza kuwa mikroemulsheni mara vinapokutana na maji ya tumboni, na dozi yake ikatabirika zaidi.

Kwenye ngozi, vikwazo ni vitatu. Kikubwa ni wingi wa vipatanishi. Mara nyingi huchukua robo mpaka nusu ya mchanganyiko wote, na vitu vya jamii ya sabuni vikikaa juu ya ngozi siku baada ya siku huikausha na kuiwasha. Cha pili ni kwamba ngozi ya panya si ngozi ya binadamu. Mengi yanayovuka maabara hayavuki hospitalini. Cha tatu ni usawa wenyewe: jasho, joto na kukauka kwa maji hubadilisha uwiano, na tuliona kwa Dettol kinachotokea uwiano ukibadilika.

Hata hivyo tusizidishe matumaini kwa dawa za kuchua tulizonazo sasa. Katika vipimo vya jeli ya diklofenaki iliyopakwa kwenye goti moja kwa dozi ya kawaida, kiasi kilichoingia katika damu kilikuwa takriban asilimia 6 ya kile kinachoingia kwa vidonge. Kwa mzee mwenye vidonda vya tumbo hiyo ni faida. Lakini inaonyesha kwamba ukuta bado ni ukuta, na kuchua kwa nguvu hakuubomoi.

Mlango hauchagui mgeni

Sasa tufike pale somo hili linapogusa nyumba zetu. Ukuta unaoruhusu dawa ipite hauulizi kama anayepita ni dawa au ni sumu. Unaangalia ukubwa wake na kupenda kwake mafuta, basi.

Mwaka 1972 nchini Ufaransa, watoto wachanga walianza kuugua na kufa kwa kifafa na kupoteza fahamu. Chanzo kilipatikana katika poda waliyokuwa wakipakwa: kwa kosa la kiwandani ilikuwa imechanganywa na dawa ya kuua vijidudu, heksaklorofeni, kwa zaidi ya asilimia 6. Watoto 36 walikufa. Hakuna aliyemeza kitu. Iliingia kwa ngozi.

Tena, ngozi si sawa kila mahali. Mwaka 1967 watafiti wa Marekani, Feldmann na Maibach, walipaka haidrokotisoni sehemu mbalimbali za mwili na kupima iliyoingia. Tukiita kilichoingia kwenye kigasha 1, basi kwenye wayo kiliingia 0.14 tu, kichwani 3.5, paji la uso 6, taya 13, na kwenye mfuko wa korodani 42. Krimu ile ile, kiasi kile kile. Kwa hiyo anayepaka usoni krimu aliyopewa kwa ajili ya mguu anaongeza dozi bila kujua. Anayeifunika kwa nailoni anaiongeza tena, pengine mara 10. Na mtoto mchanga, ambaye ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, hupata dozi kubwa zaidi kwa kila kilo.

Hatari kubwa kwetu ni krimu za kung'arisha ngozi. Nyingine zina klobetasoli, steroidi yenye nguvu kupita karibu zote za kupaka. Daktari akiiandika huweka mipaka: isizidi wiki 2 mfululizo wala gramu 50 kwa wiki. Anayeipaka mwili mzima kwa miezi huipitisha katika damu. Ngozi huwa nyembamba na kupasuka michirizi, na tezi zilizo juu ya figo huzoea kusaidiwa mpaka huacha kutengeneza homoni yake. Nyingine zina zebaki, inayoharibu figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao Tanzania ni mwanachama, unazitaka nchi kuondoa zebaki katika vipodozi. Wapo pia wanaochanganya krimu ya hospitali na losheni na mafuta kwa kukisia. Baada ya yale tuliyoyaona unaelewa ubaya wake. Kubadilisha mafuta na kipatanishi ni kubadilisha kiasi cha dawa kinachoingia, na hakuna aliyekipima.

Upo pia mfano mwema wa krimu isiyotakiwa kuingia. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kimekuwa kikitengeneza Kilisun, krimu ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Kazi yake yote iko juu ya ngozi; ikizama haina faida. Mtaalamu wa dawa anapopanga mafuta na maji, anaamua pia kitu kikae wapi.

Maswali ya kuuliza

Unapopewa krimu, jeli au plasta, uliza mambo manne. Ina dawa gani ndani? Ipakwe sehemu gani ya mwili, na ipi isipakwe? Kiasi gani, kwa siku ngapi? Naruhusiwa kuifunika au kuipaka pamoja na kitu kingine? Kama muuzaji hawezi kujibu la kwanza, na kifungashio hakina orodha ya viambato, iache hapo hapo.

Kwa wale wanaotembelea wagonjwa katika jumuiya, mkikuta plasta ya fentanili kwa mgonjwa wa saratani, kumbukeni mambo mawili. Joto huharakisha dawa kuingia, kwa hiyo asiwekewe chupa ya maji ya moto juu yake. Na plasta iliyobanduliwa bado ina dawa ya kutosha kumuua mtoto. Ikunjwe gundi kwa gundi na kutupwa mahali mtoto asipoweza kufika, au irudishwe hospitalini.

Aliyekwisha kutumia krimu kali ya steroidi kwa muda mrefu asiiache ghafla kwa sababu ya kusoma makala hii. Aende kwa daktari, achukue na kopo lenyewe, aseme ukweli ameipaka wapi na kwa muda gani. Daktari atampangia namna ya kuipunguza pole pole.